Zitoni inakusumbua? Dalili na visababishi vya fueli nzito ya kubuni

Umebuni kitu kizito kupindukia. Kipande chake chenye ukubwa wa tembe ya dawa kinaendesha chombo cha anga, kinawasha taa za mji mzima na kinagombaniwa na madola. Sura ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikaanza kuyumba, na sasa msomaji mmoja mwenye kalamu nyekundu anakuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Mwongozo huu ni wako, uwe unaandika hadithi, unatunga mchezo wa kompyuta au unachora katuni. Fueli yenyewe nitaiita zitoni ili tuelewane. Wewe ipe jina ulitakalo.

Nitakwenda kama fundi wa magari: kwanza dalili, halafu kisababishi, halafu cha kufanya. Na kama mafundi wote, nina shuku yangu hata kabla ya kufungua boneti. Zitoni nyingi nilizozisoma, pamoja na mbili nilizoziandika mwenyewe nikazitupa, zinaumwa ugonjwa mmoja. Mwandishi kaulizwa nishati inatoka wapi, naye kajibu kwamba kitu ni kizito. Hayo ni mambo mawili. Kitu kinaweza kuwa kizito ajabu na kisiwe na chochote cha kukupa.

Tupate kipimo cha kuanzia. Metali nzito kuliko zote tuijuayo ni osmi, gramu 22.59 kwa kila sentimita moja ya ujazo, karibu mara mbili ya risasi. Chupa ya lita moja ukiijaza osmi, unabeba kilo 22 na nusu. Hapo ndipo atomu za kawaida, zisizobanwa na kitu, zinapofikia kikomo. Ukitaka zaidi ya hapo unazungumzia maada iliyobanwa mpaka atomu zikapoteza umbo lake, na swali la kwanza kuliuliza ni nani anayeibana, kabla hujafika kwenye nguvu zake.

Dalili: kidonge kimekaa mezani na meza imetulia

Onyesho lenyewe huwa hivi. Mhandisi anafungua kasha, anatoa kidonge cheusi kwa koleo, anakitua juu ya meza ya maabara. Tik. Wote wanakitazama. "Hiki," anasema kwa sauti ya chini, "kimetoka ndani ya nyota." Rafiki yangu aliyenisomea rasimu alipofika kwenye ile "tik" aliandika pembeni maneno mawili tu: "Meza gani?" Nilicheka. Halafu nikapiga hesabu, kicheko kikakauka.

Chukua nyota kibete nyeupe iliyo maarufu kuliko zote, Sirius B, ambayo Alvan Graham Clark aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1862. Ina tungamo la Jua letu lililoshindiliwa ndani ya ukubwa wa Dunia. Kwa wastani kila sentimita ya ujazo ina tani 2.4. Sasa weka mchemraba wa sentimita moja mezani: tani mbili na ushee zimesimama kwenye eneo la ukucha. Mgandamizo wake ni kama megapaskali 240. Zege la kawaida linasagika kati ya 20 na 40. Feleji ya ujenzi huanza kukunjika karibu na 250. Kwa hiyo meza ya mbao inatobolewa, sakafu ya zege inatobolewa, na bamba nene la feleji linaponea chupuchupu. Ukiongeza upande wa mchemraba mara mbili, mgandamizo nao unapanda mara mbili, na feleji nayo inaaga.

Huo ndio mzigo mwepesi. Ukisema zitoni yako ni maada ya nyota ya nyutroni, yaani nyota iliyobanwa mpaka karibu yote ikawa nyutroni, zile chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji, kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya tani bilioni moja. Kitu cha uzito huo hakivunji sakafu tu. Kinazama kwenye mwamba kama jiwe linavyozama kwenye ukungu, kinapita katikati ya Dunia na kutokea upande wa pili baada ya dakika 40 hivi, kisha kinarudi. Tena, kabla hakijazama, mtu aliyesimama mita moja kutoka kwake anavutwa kwa nguvu inayokaribia mara nane ya ile ya Dunia. Mhandisi wako hakitui kidonge mezani. Yeye ndiye anayekiangukia.

Kisababishi ni kwamba umechagua kiasi kwa macho, kwa sababu tembe inaonekana vizuri kwenye picha. Punguza. Punguza mpaka uone aibu, halafu punguza tena. Mchemraba wa maada ya nyutroni wenye upande wa elfu moja ya milimita, usioonekana kwa macho, una gramu 230, yaani uzito wa glasi ya maji. Huo unaweza kuuingiza kwenye hadithi. Lakini angalia: gramu hizo 230 zimekaa kwenye ncha ndogo kiasi kwamba mgandamizo wake ni mara sita ya ule ulioko kwenye kitovu cha Dunia. Hakuna sahani, kiganja wala almasi itakayoushika.

Na hapa kasoro inageuka kuwa mali. Tuseme mlinzi ameiba kasha, naye hajui kwamba kinachokishikilia kidonge ni uga wa sumaku, au chochote ulichobuni. Anakata waya. Hakuna mlipuko, hakuna mwanga. Chembe inapita kwenye chini ya kasha, inapita kwenye kiganja chake, na tundu ililoacha ni dogo kuliko seli moja ya mwili, hata damu haitoki. Anachohisi ni kwamba kasha limekuwa jepesi. Mimi ningelipa kusoma ukurasa huo.

(Maelezo ya pembeni: katika onyesho hilo nimedhani chembe inabaki chembe. Dalili inayofuata inaeleza kwa nini hilo si haki.)

Dalili: kidonge hakilipuki

Dalili hii inajificha, maana inaonekana kama afya njema. Kidonge kimekaa kwenye kasha miaka mitatu, kimetulia. Tatizo ni hilo hilo la kutulia.

Maada ya nyota kibete nyeupe inakaa ilivyo kwa sababu nyota nzima imeikalia. Mwaka 1926 Ralph Fowler alionyesha kinachozuia nyota hiyo isiporomoke zaidi: elektroni zake zimebanwa kwenye nafasi ndogo, na kanuni za kwanta haziruhusu mbili zikae mahali pamoja katika hali moja, kwa hiyo zinasukumana kwa nguvu hata nyota ikipoa kabisa. Ni springi iliyokandamizwa. Toa kipande chake, ukiache bila kile kilichokuwa kikikibana, na springi inafyatuka. Nilipopiga hesabu nilipata jouli bilioni kadhaa kwa kila gramu, sawa na tani moja au mbili za baruti ya TNT. Mchemraba wetu wa mezani ni bomu la megatani kadhaa, na lingelipuka kabla mhandisi hajasema neno "nyota".

Maada ya nyutroni ni mbaya zaidi. Nyutroni iliyo peke yake haidumu. Kwa wastani inaishi sekunde 880 hivi, chini kidogo ya robo saa, halafu inageuka kuwa protoni, elektroni na antinyutrino. Ndani ya nyota mvutano unazizuia zisigeuke. Nje yake hakuna wa kuzizuia. Na mvutano wa kipande kidogo hautoshi: mahesabu yanaonyesha kwamba nyota ya nyutroni yenyewe haiwezi kusimama ikiwa chini ya takriban sehemu moja ya kumi ya tungamo la Jua. Kidonge hakimo hata kwenye foleni.

Kwa hiyo lazima useme nini kinaibana. Hapa njia ni tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni chombo kinachobana kwa nguvu kutoka nje. Hii ni nzuri kwa mashaka, maana chombo kikizimika kila mtu anakufa, lakini jihadhari: ukiwa na mashine inayoweza kutoa mgandamizo wa ndani ya nyota, msomaji atauliza kwa nini mashujaa wako wanahangaika na zitoni badala ya kuitumia mashine hiyo kama silaha, kama jeki, kama mlango. Teknolojia ya kasha imekuwa kubwa kuliko teknolojia ya fueli. Nimeona hadithi nyingi zikifia hapo bila mwandishi kujua.

Ya pili ni kutafuta maada ambayo imejibana yenyewe. Fizikia imekuachia mlango mmoja wazi. Arnold Bodmer mwaka 1971, na Edward Witten mwaka 1984, walijadili uwezekano kwamba kwaki, chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni, za aina tatu zikichanganyika, ile inayoitwa ya ajabu ikiwemo, zinaweza kuunda maada iliyo imara kuliko hata kiini cha chuma, isiyohitaji nyota ya kuikalia. Hakuna aliyewahi kuiona. Lakini haijakatazwa, na kwa mwandishi jambo lisilokatazwa ni mali. Densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo, ingekuwa ya kiini cha atomu au zaidi, na kipande kidogo kingeweza kutulia mkononi mwako, au tuseme kwenye uga, maana bado kitatoboa mkono.

Ya tatu ni kudanganya waziwazi: zitoni imetulia kwa sababu zitoni hutulia. Inaruhusiwa. Waswahili wanasema njia ya mwongo ni fupi, na kwenye hadithi hilo lina maana kwamba uongo mmoja unaweza kuubeba hadi mwisho, wa pili utakuangusha. Ukiutumia hapa, kwenye dalili zote zilizobaki lipa kwa fedha halali.

Dalili: hakuna anayeweza kueleza nishati inatoka wapi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndipo ninaposhuku kwanza.

Mtihani ni mwepesi. Futa neno "zito" kila lilipotokea kwenye maandishi yako, weka "bluu". Je, maelezo ya nishati yamebadilika? "Kwa kuwa zitoni ni bluu mno, gramu moja yake inaendesha meli." Ukiona sentensi inachekesha, ujue na ile ya mwanzo ilikuwa inachekesha vilevile, ila uzito una heshima kuliko rangi. Dhahabu ni nzito na haiwaki. Petroli inaelea juu ya maji, na ndiyo inayosukuma magari.

Nishati hutoka pale kitu kinapoporomoka kutoka hali ya juu kwenda hali ya chini: maji kwenye mteremko, springi iliyokazwa, kiini cha atomu kisichotulia. Kwa hiyo zitoni lazima iwe na mteremko wake, na lazima ujue chini ya mteremko kuna nini. Mabaki ni nini? Majivu ni nini? Hadithi nyingi za zitoni hazina majivu, na mimi hapo hapo najua hakuna kilichowaka.

Baada ya hapo fungua daftari la hesabu. Kikomo cha juu kinajulikana: gramu moja ya maada, ikigeuzwa yote kuwa nishati, inatoa jouli trilioni 90, ambazo ni kilowati-saa milioni 25. Hakuna gramu ya kitu chochote itakayokupa zaidi ya hapo, iwe manyoya au zitoni, na hii ndiyo sababu nyingine ya uzito kutokuwa jibu: gramu ni gramu. Petroli inapoungua inageuza kama nusu ya sehemu moja ya bilioni ya tungamo lake. Urani 235 ikipasuka yote inafika asilimia 0.09. Hidrojeni ikiunganishwa kuwa heli, asilimia 0.7. Maada inayotumbukia kwenye shimo jeusi lisilozunguka inaweza kutoa kama asilimia 6 kabla haijapotea, na kwenye shimo linalozunguka kwa kasi ya mwisho hesabu inapanda hadi 42. Antimata, ile maada ya kinyume inayoangamizana na ya kawaida, ikikutana na maada, asilimia 100.

Sasa iweke zitoni yako kwenye ngazi hiyo na usiiondoe. Nilisoma rasimu moja ambamo kidonge cha gramu moja kiliwasha sayari yenye watu mabilioni kwa karne moja. Mwandishi alikuwa amepita juu ya antimata bila kugonga hodi. Tiba ilikuwa ndogo tu: akaandika tani badala ya gramu, akaongeza meli ya kubeba, na meli ikawa sura nzima ya wizi, ambayo mpaka leo naiona ndiyo sura bora katika kitabu kile.

Ukitaka mteremko unaoendana na uzito wenyewe, upo. Springi ya elektroni niliyoitaja juu ni mmoja: zitoni inatoa nishati kwa kuachiwa ipanuke kidogo kidogo, na majivu yake ni kaboni na oksijeni za kawaida, moto kali, zinazohitaji mahali pa kwenda. Maada ya kwaki za ajabu ni mwingine, nao unakwenda kinyume. Haiungui, inakula. Kipande chake kingekuwa na chaji chanya kinachosukumia mbali viini vya kawaida, lakini nyutroni haina chaji, inaingia tu, na kila inayoingia inashuka mteremko na kuacha nishati. Unalisha, kinang'aa. Na kadri unavyokilisha, kinazidi kuwa kizito. Fueli inayoongezeka kwa kutumiwa! Miaka hamsini baadaye jenereta haina upungufu wa fueli, ila misingi yake imeanza kuzama. Hilo ni tatizo jipya, na limetoka ndani ya kitu chenyewe.

Dalili: hakiwaki unapotaka, au hakizimiki

Visababishi viwili vinachanganywa hapa. Kama zitoni inatoa nishati kwa kuoza yenyewe, huwezi kuizima. Plutoni 238 inatoa wati 0.57 kwa kila gramu, usiku na mchana, na baada ya miaka 87.7 nusu yake imekwisha, umeitumia au hukuitumia. Ndiyo iliyowezesha vyombo vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, kuendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 40, vikififia pole pole. Inafaa kwa taa na redio, haifai kwa mbio. Ikiwa rubani wako anavuta wenzo na zitoni inanguruma, basi haiozi. Inahitaji kufyatuliwa, na ufyatuo nao unahitaji maelezo.

Ufyatuo si jambo la kupuuza. Kuna aina ya metali iitwayo hafni, 178m2, ambayo kiini chake kimehifadhi nishati kama jouli bilioni 1.3 kwa gramu na huitoa taratibu, nusu yake katika miaka 31. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walitangaza kwamba wameiharakisha kwa mionzi ya eksirei. Watu wakaanza kuota mabomu ya mfukoni. Majaribio yaliyofuata, yenye mionzi mikali zaidi, hayakuona kitu. Nishati ilikuwepo na ipo, kila mtu anakubali; mlango wake ndio haukupatikana. Hadithi yako inaweza kukaa yote kwenye mlango huo.

Cha kufanya: amua moja. Zitoni inayooza haina swichi, na wanaoishi nayo wamejenga maisha yao kuzunguka joto lisilokoma. Zitoni inayofyatuliwa ina swichi, na aliyenayo swichi ndiye mtawala.

Dalili: chombo hakisogei

Kisababishi ni kifupi. Densiti inaokoa nafasi, haiokoi uzito, na roketi hulia kwa uzito. Hesabu aliyoichapisha Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903 haiulizi tangi lako ni kubwa kiasi gani. Inauliza uzito wa chombo kilichojaa ukigawanywa kwa uzito wa kilicho kitupu. Kijiko chetu cha maada ya nyutroni kingehitaji karibu roketi laki tatu za Saturn V, zile zilizopeleka watu Mwezini, zikisukuma pamoja ili tu kiinuke kutoka ardhini.

Nafasi huwa na maana pale fueli inapokuwa nyepesi mno, kama hidrojeni ya kimiminika, ambayo lita yake haifiki gramu 75 na matangi yake huwa makubwa kama majengo. Zitoni haina shida hiyo. Kwa hiyo faida yake lazima itoke kwenye nishati kwa kila kilo, na hapo rudi kwenye ngazi.

Dalili: mitambo inafanya kazi, lakini wote ndani walipaswa kuwa wameiva

Hii wasomaji wengi hawaigundui, na wanaoigundua hawakusamehi. Jenereta yoyote inayogeuza joto kuwa kazi inabaki na joto la kutupa. Ardhini kuna hewa na maji ya kulibeba. Angani kuna njia moja tu, kuling'arisha nje kama mnururisho, kwa kutumia rejeta, yaani bamba la kutolea joto.

Tuseme zitoni inaacha joto la gigawati moja, kiasi cha mtambo mmoja mkubwa wa umeme. Rejeta yenye joto la kelvini 1000, nyekundu kama kaa la moto, inatoa kilowati 56.7 kwa kila mita ya mraba. Ukitumia pande zote mbili za bamba unahitaji mita za mraba 8,800, kubwa kuliko uwanja wa mpira. Chombo chako chembamba chenye ncha kama mkuki kinatakiwa kiwe na mabawa mekundu makubwa kuliko chenyewe. Ukipandisha joto la rejeta mara mbili, eneo linapungua mara kumi na sita, lakini sasa unatafuta metali itakayofanya kazi kwa kelvini 2000 bila kulegea.

Usiifiche rejeta. Ichore. Adui anaiona kutoka mbali, kombora linaitafuta, na nahodha anayetaka kujificha lazima aikunje, joto lianze kupanda ndani, watu wavue makoti, na saa ianze kuhesabu. Hapo hujaandika sentensi hata moja ya fizikia, lakini fizikia inaendesha onyesho.

Mionzi ya gama ni ndugu wa tatizo hili. Ikiwa mteremko wa zitoni ni wa kiini cha atomu, weka kinga nzito kati ya kidonge na watu, au kiweke kidonge mwisho wa mlingoti mrefu, mbali na vyumba. Inatosha.

Dalili: zitoni inameza sayari na hukutaka imeze

Kuna msomaji atakayeuliza: kama maada ya kwaki za ajabu ni imara kuliko ya kawaida, kwa nini isigeuze kila inachokigusa? Swali hilo liliulizwa kwa dhati kabla ya RHIC, mtambo wa kugonganisha viini vya atomu ulioko Brookhaven, Marekani, kuanza kazi mwaka 2000, na likaulizwa tena kabla ya ule wa CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, mwaka 2008. Jibu lililotuliza wengi ni Mwezi. Umepigwa na miale ya anga, yaani chembe za kasi zitokazo mbali angani, yenye nguvu kubwa kwa miaka mabilioni, bila hewa ya kuukinga, na bado upo. Kwa hadithi yako, ile chaji chanya niliyoitaja ndiyo breki. Ukiihitaji hatari, sema kwamba chaji ya zitoni yako ni hasi, na breki imetoka. Neno moja tu.

Wengine hukimbilia shimo jeusi dogo badala ya zitoni. Kulingana na Stephen Hawking, aliyetoa wazo hilo mwaka 1974, shimo jeusi hutoa mnururisho, na kadri linavyokuwa dogo ndivyo linavyozidi kuwaka. Lenye tani milioni moja lingetoa zaidi ya wati trilioni 300. Mteremko mzuri sana. Shida ni kulilisha: ukubwa wake ungekuwa mamia ya mara chini ya ule wa protoni moja, na mnururisho wake unasukuma nje kila unachokitupa kuelekea huko. Usipolilisha linazidi kupungua, linazidi kuwaka, na mwisho linakwenda kwa kishindo. Kwa hiyo fundi wa shimo jeusi ana kazi ya mwuguzi wa mtoto asiyekula, na mtoto akikataa chakula nyumba nzima inaondoka.

Dalili: kila kitu kimerekebishwa na hadithi imekuwa darasa

Umezidisha dawa. Hesabu zote hizi ni za upande wa nyuma wa karatasi. Rudi kwenye ile sura ya mezani, ifute hotuba ya mhandisi yote, bakisha kasha, uga unaovuma kwa sauti ndogo, na bamba la feleji nene kama godoro ambalo hakuna aliyelieleza lipo pale kwa nini. Kisha mpe mtu asome, na usubiri atakapoandika pembeni.